Kuchemsha maji hakutoshi

Kwa mama mmoja wa Ibaba, wilayani Ileje, Kitwe si mbali. Baba yake alikwenda Zambia kuchimba shaba miaka ya 1950, kama vijana wengi wa Ileje na Rungwe wakati ule. Sasa binti yake ameolewa hukohuko, na wajukuu watatu anawalea kwa simu.

Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la majitaka ya mgodi wa shaba wa Sino-Metals Leach Zambia, huko Chambishi, lilibomoka. Majitaka yenye tindikali na metali nzito, yaliyokadiriwa mwanzoni kuwa lita milioni 50, yaliingia kijito cha Mwambashi, kisha Mto Kafue. Samaki walikufa, mahindi ya kando ya mto yakaungua, na Kitwe, mji wa watu wapatao 700,000, ukakatiwa maji ya bomba.

"Mwanangu, usiwape watoto maji kabla hujayachemsha," mama alisisitiza.

Kwa kipindupindu au homa ya matumbo, huo ni ushauri mzuri. Kwa majitaka ya mgodi hausaidii. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi shaba wala madini ya risasi. Mvuke ukitoka, metali hubaki sufuriani kwenye maji machache zaidi. Vidonge vya klorini navyo haviiondoi.

Maji kuwa maangavu si kinga. Shaba nyingi huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Risasi hukaa kimya: mwili wa mtoto huifyonza zaidi kuliko wa mtu mzima, na huathiri ubongo unaokua.

Serikali ya Zambia ilimwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege, kupunguza ukali wa tindikali. Lakini metali huweza kutuama kwenye tope na kukaa huko muda mrefu.

"Basi nunua ya kunywa, hata dumu moja," mama alisema alipoelezwa. "Mimi nitajibana huku."

Malori ya shaba hupita Tunduma kila siku kwenda bandari ya Dar es Salaam, na nyumba nyingi za Songwe zina ndugu kule yanakotoka. Ukimpigia, muulize kama maji yao yamepimwa metali. Kama bado, watoto wasiyanywe wala kuyaogelea, na samaki waliokufa wasiliwe. Mtoto aliyekwisha kuyanywa apelekwe hospitali, na mzazi aseme wazi maji yametoka wapi.