Orodha ya Watu Wanne

Watu wakiniuliza kazi yangu nami nikajibu kwamba nachora filamu za katuni, kwanza hucheka, kisha huja na swali lile lile: "Na hiyo nayo ni kazi?" Siwalaumu. Marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki akijua tu kwamba mwanawe yuko Nairobi kwenye mambo ya televisheni, na majirani zake wakadhani nasoma taarifa ya habari.

Ni kazi, tena ya sulubu. Jicho la mtu hudanganywa na picha 24 zinazopita katika sekunde moja. Mchoraji anayeuhurumia mkono wake huchora 12, kila moja ikapigwa picha mara mbili, na mtazamaji asitambue. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: kipindi cha watoto cha dakika 11, kikichorwa kwa mkono, hutaka michoro 7,920, na hapo tumemhesabu sungura peke yake, fisi bado. Winsor McCay, yule Mmarekani aliyemchora dinosari Gertie mwaka 1914, alijitwisha mzigo huo karibu wote, lakini hata yeye alikuwa na kijana wa kumnakilia mawe na milima ya nyuma. Ndiyo maana tangu zamani kazi hii hupandwa kwa ngazi. Mkubwa huchora michoro mikuu: sungura anainama, sungura yuko hewani, sungura anatua. Mdogo hujaza ya katikati. Huyo wa katikati ndiye achoraye mingi, ndiye alipwaye kidogo, na jina lake hupita mwisho wa filamu wakati watazamaji wameshainuka kutafuta viatu.

Mimi sikuanzia hata kwenye ngazi hiyo. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa Mombasa nikichora mabango ya maduka na kupamba matatu, katika karakana ya mtu ambaye mpaka leo namwita Fundi. Alikuwa na daftari kuukuu ambalo pembeni mwa kila ukurasa alichora kobe mdogo. Ukizipitisha kurasa haraka kwa kidole gumba, kobe anatembea. Nilipomwomba anifundishe, hakunipa kalamu. Alinipeleka Bamburi kwenye wale kobe wakubwa, tukakaa toka asubuhi hadi jua likapinda. Tulipokuwa tukirudi akaniuliza, "Umeona nini?" Nikasema, kobe huenda polepole. Akaguna. "Hilo kila mtu alijua kabla ya kuja. Kobe hutoa shingo kwanza, akatazama, ndipo mguu ukafuata. Ukimtanguliza mguu, umechora jiwe lenye miguu."

Tulikuja Nairobi pamoja, miaka ya mwanzo ya 2000, Fundi akiwa mbele mimi nyuma. Wakati ule ilionekana kama kazi hii inataka kuota mizizi kwetu. UNESCO ilikuwa na mradi wa kuwafundisha wachoraji wa Kiafrika, na baadaye ukaja mfululizo wa Tinga Tinga Tales, sehemu 52 zilizotengenezwa papa hapa Nairobi kwa kuiga wachoraji wa Dar es Salaam waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga. BBC ilianza kuuonyesha mwaka 2010. Sisi hatukuwa katika kazi hiyo, lakini kila mchoraji mjini alitembea kifua mbele. Sisi tulikuwa kwenye kampuni nyingine, ambayo jina lake nitalihifadhi, tukitengeneza hadithi za wanyama kwa ajili ya televisheni za ng'ambo.

Hapo tulikuta kompyuta. Mnyama hakuchorwa tena mchoro baada ya mchoro. Alikatwa vipande, kichwa mbali, mikono mbali, kama vibaraka vya maonyesho, kisha ukavisogeza kwenye kioo. Vijana walioingia baada yetu walisogeza sekunde nane kwa siku. Mimi nilifika sita. Fundi, aliyekuwa amepita miaka hamsini na bado akiishika ile kalamu ya kompyuta kama brashi, hakuwahi kuzidi tatu. Lakini zile tatu zilikuwa na roho. Siku moja mwanamke wa usafi alisimama nyuma yake na ndoo mkononi, akamtazama nyani wake akichokonoa meno, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi nikapandishwa cheo, nikawa msimamizi. Kupanda cheo katika kazi yetu ni kunyang'anywa kalamu. Unakagua, unahesabu, unakwenda mikutanoni. Kwa mwaka mzima sikuchora mnyama hata mmoja mwenye uhai, na mshahara wangu ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa Fundi.

Mwaka 2012 mkurugenzi aliniita. Wanunuzi wa ng'ambo wamepunguza fedha, akasema, na mikataba haitawatosha wote. Anataka majina manne kabla ya Ijumaa. Hakunitajia jina. Alinipa kipimo tu: sekunde kwa siku.

Usiku ule niliketi na jedwali langu. Binti yangu alikuwa kidato cha kwanza. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda. Nilijiambia kwamba tarakimu hazina upendeleo, na kwamba nikimwacha Fundi itabidi nimtoe kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Yote hayo yalikuwa kweli. Nikaandika majina manne, na la kwanza likawa lake.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Art Babbitt. Huyu alikuwa miongoni mwa wachoraji waliolipwa vizuri kabisa kwa Disney. Ndiye aliyemchora malkia mwovu katika Snow White ya mwaka 1937, na ndiye aliyempa Goofy ule mwendo wake wa kizembe. Yeye hakuwa na shida ya mshahara. Hata hivyo, mwaka 1941 alisimama na wachoraji wadogo waliotaka chama chao kitambuliwe, akafukuzwa, na tarehe 29 Mei mgomo ukaanza, naye akiwa mstari wa mbele. Nilikifunga kile kitabu na sikukifungua tena kwa muda mrefu.

Ijumaa ile barua ziligawiwa na mhasibu. Mimi nilikuwemo chumbani. Fundi aliisoma yake, akaikunja mara tatu, akaitia mfukoni. Kisha akanigeukia.

"Yule kobe wa sehemu ya saba, nani atammalizia?"

Nikamwambia, "Mimi, Fundi."

"Haya. Usisahau shingo."

Nilibaki ofisini usiku huo. Zilikuwa sekunde nne tu, na zilinichukua mpaka adhana ya alfajiri, maana mkono ulikuwa umeshasahau. Nilizifuta mara tano.

Miezi minne baadaye mfululizo ukaisha, na mimi pia nikapewa barua. Tangu hapo naishi kwa vibarua: tangazo la sabuni, filamu ya malaria kwa shirika fulani, wimbo wa msanii asiyelipa mpaka umfuate nyumbani. Vijana huja kuniuliza kama waingie kwenye kazi hii, hasa siku hizi ambapo kompyuta inaambiwa kwa maneno ichore nayo ikachora. Huwaambia wajifunze kuchora, na wajifunze pia kusoma mkataba.

Fundi alirudi Mombasa kwenye mabango yake. Kila Idi humtembelea, naye huwaambia wageni kwamba mimi ni mwanafunzi wake aliyempita. Habari za ile barua amewahi kuzitaja mara moja tu. Alisema wazungu walikuwa wamechoka na wazee. Nilikuwa nikinywa chai. Niliendelea kuinywa.

Macho yake sasa hayasomi herufi ndogo. Binti yake ndiye humsomea baada ya alasiri, barazani. Kitabu hiki kikitoka, nitampelekea nakala mwenyewe, nami nitakaa hapo hapo barazani wakati binti anasoma.