Majivu na Ardhi Isiyotulia

Kwa Msukuma wa Shinyanga, suali la mahali pa kumlaza marehemu aghalabu halina mjadala mrefu. Maiti hurudishwa kwao, hata kama mauti yamemkuta machimboni Geita, na kaburi huwa karibu na nyumba, ili walio hai na waliotangulia wasitengane. Kwa Mwislamu nako, dini imekwisha amua. Lakini ziko jamaa ambazo huchoma maiti wao, na kinachobaki ni majivu ya kutosha chungu kidogo. Kaburi halingoji, majivu hungoja. Yaweza kukaa mwaka kabatini, yaweza kugawanywa, yaweza kuvuka bahari. Kwa sababu hiyo waliofiwa hulazimika kuchagua, na kuchagua huuma.

Na afikiriwe, kwa mfano, mzee wa Kihindu aliyezaliwa Shinyanga, mwana wa mnunuzi wa pamba. Mwaka 1971 ilipitishwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo, na wengi wa jamii yake wakahamia Uingereza. Akifia Leicester naye ameusia arejeshwe Shinyanga, wanawe wayapeleke wapi majivu? Nyumba aliyozaliwa ina wenyewe wengine. Mila yao yataka maji yaendayo, ilhali Shinyanga ni nchi ya ukame. Mto Manonga hufurika masika, kisha hubaki mchanga. Wala maji yake hayafiki baharini, bali huelekea mbuga za Wembere na kuishia bara.

Mmoja wao atasema: basi yafukiwe ardhini. Hapo nchi yenyewe hutoa jawabu. Tangu John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, ukanda huu umekuwa ukichimbwa na kuchimbuliwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Pale ardhi inapohitajiwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 yaruhusu hata wafu wahamishwe. Na wako waliozikwa bila kuchaguliwa mahali. Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, kifusi kiliwafunika wachimbaji wadogo. Watano wakatolewa wangali hai baada ya siku 41. Mashimo mengine hayakurudisha mtu. Mama ambaye mwanawe amebaki chini ya mwamba hana chungu cha kubeba wala njiapanda ya kusimama. Mbele yake, wenye majivu na wajue kwamba uchungu wa kuchagua nao ni neema.

Limebaki ziwa. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka katika Ziwa Viktoria. Na mwaka 1997 waziri mkuu wa India, Inder Kumar Gujral, alizindua hapo sanamu yake. Maji yanayogusa pwani ya Geita ni ya ziwa hilohilo. Huenda polepole, hupita Jinja, huvuka majangwa, hufika Bahari ya Kati. Mila itaridhika.

Wala mtu asidhani kwamba maji hayaguswi na dhahabu. Wachimbaji wadogo huitumia zebaki kuikamata dhahabu, na mvua huteremsha mabaki yake mitoni. Hapana mahali palipobaki safi kabisa pa kumweka mpendwa. Anayepatafuta hapo atakaa na chungu chake milele.

Lakini mzee aliusia Shinyanga, si Geita. Je, wanawe watakuwa wameuvunja wosia? Jawabu limo katika bomba. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria, yakisafishwa Ihelele, husukumwa hadi Kahama na Shinyanga, katika mji uliozoea kungoja mawingu. Mto wa mji hauendi ziwani; ziwa ndilo lililokwenda mjini. Anayekabidhiwa ziwa, basi, hakuachwa mbali na kwao.

Wakisimama ufukweni wayamwage yote, wasibakize kijiko cha kuhofia. Marehemu hakudai shamba wala jiwe lenye jina lake. Alidai kurudi, na kurudi kwa namna ya maji ni kurudi ambako hakuna sheria ya kukutwaa wala sururu ya kukufukua.