Zamu Yako Ikifika, Jibu

Wamama wapenzi, wengi wenu munaniuliza kwa nini ninaacha watoto wacheze michezo ya kupigana katika parsele yangu. Munasikia makelele ya televizyo, munaona watoto wameshika manete kwa nguvu, na munaogopa kwamba wanajifunza ugomvi. Woga huo ninauelewa; sisi watu wa mashariki tumeona mapigano ya kweli ya kutosha. Lakini nimekaa karibu na michezo hiyo miaka kadhaa sasa, na kuna jambo moja ndani yake ambalo ningependa kuwaeleza juma hili: namna mtoto anavyojifunza wakati wa kumjibu anayemshambulia, na wakati wa kutulia.

Mchezo wenyewe ni Tekken 3. Ni wa zamani. Ulitoka Japani katika mashine za sali za michezo mwaka wa 1997, ukaingia katika PlayStation mwaka wa 1998, lakini kwetu haujazeeka. Sheria ya sali yangu ni ile ile ya sali nyingine za kartie: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anaachia manete na kurudi nyuma ya wenzake. Kwa hiyo kushindwa kunaumiza mfuko. Pesa ndogo uliyokuja nayo inaisha kwa dakika mbili, na unabaki kuwatazama wengine.

Kuna mpiganaji mmoja ndani yake anayeitwa Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa capoeira. Watoto wanampenda kwa sababu hata asiyejua kitu akibonyeza butoni za mateke bila kupumzika, Eddy anazunguka, analala chini, anainuka, na miguu inatoka kila upande. Mbele ya Eddy watoto wanagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza wanabonyeza kila kitu wakati wanapigwa, wakitumaini kwamba ngumi yao moja itapita. Kundi la pili wanakinga, na wanaendelea kukinga mpaka wakati unaisha. Wote wanashindwa. Binti yangu wa pili alikuwa katika kundi la pili. Alikuwa na miaka 12, na wavulana walimwita Ukuta.

Ukuta hauanguki haraka, lakini haushindi mtu. Anayekinga huku amesimama anapigwa teke la chini. Akiinama kukinga chini, anapigwa la katikati. Akitulia kabisa, anakamatwa na kutupwa, maana kukinga hakuzuii kukamatwa. Kaka yake alimwambia avumilie. Shangazi yake alipopita kutusalimu alisema vile vile: vumilia, mtoto wa kike hashindani na wavulana. Neno hilo munalijua, wamama. Nasi tuliambiwa.

Kilichomsaidia binti yangu ni hesabu. Michezo ya namna hii huhesabiwa kwa picha, na kwa kawaida ni picha 60 kila sekunde. Kila pigo lina sehemu tatu: kujiandaa, kugonga, kisha kurudisha mkono au mguu. Katika Tekken, ngumi nyepesi ya wapiganaji wengi inagonga katika picha ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Lakini jicho likisha kuona kitu, mkono unahitaji karibu robo ya sekunde ili ujibu. Basi hakuna mtoto, hata awe mwepesi namna gani, anayesubiri kuiona ngumi hiyo ndipo aijibu. Anayejibu vizuri alijua mapema.

Alijua nini? Alijua zamu ni ya nani. Hapo nitatumia maneno yetu ya likelemba, maana ndiyo yaliyonifanya mimi mwenyewe nielewe. Pigo likikingwa, aliyepiga anabaki na deni: picha fulani ambazo mkono au mguu wake bado unarudi na hawezi kufanya kitu. Deni likiwa kubwa, mgonge, hawezi kuepuka. Deni likiwa dogo, zamu ni yako, lakini yeye atawahi kukinga. Anza mashambulizi yako kwa akili. Na kama hana deni, zamu bado ni yake. Ukibonyeza hapo, anakukuta katikati ya kujiandaa, na pigo linalokukuta hivyo linaumiza kuliko yote. Watoto wanaobonyeza ovyo wanaumia kwa sababu hiyo. Si kwamba walijibu. Walijibu katika zamu ya mwingine.

Tekken 3 ina sehemu ya mazoezi ambapo adui anasimama tu. Siku za posho asubuhi, kabla wateja hawajafika, binti yangu alikaa pale na daftari lake kuukuu la masomo. Hakutaka kujifunza yote. Alichagua jambo moja: teke kubwa la chini. Teke hilo likikingwa kwa kuinama, linaacha deni kubwa, na unaweza kuinuka na kumpiga aliyelipiga mpaka aruke juu. Alikuwa anaandika: teke hili nilipe kwa hili, lile nisilijibu. Majuma mengi aliendelea kushindwa, lakini sasa alishindwa huku anatazama kitu. Akitoka kwenye kiti hakusema "wamenipiga." Alisema, "Mama, nilichelewa," au "Mama, haikuwa zamu yangu."

Kisha nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Kijana mmoja, bingwa wa Eddy, alilipishwa teke la chini mara mbili katika mchezo mmoja. Mchezo uliofuata hakulipiga tena. Binti yangu hakuwa amefanya lolote jipya. Alikuwa bado anakinga vile vile. Lakini sasa yule kijana alijua kwamba mlangoni kuna mtu. Nusu ya silaha zake aliziweka chini mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya jibu moja lililotolewa kwa wakati wake: linalinda hata pale usipolitoa.

Haikuishia hapo, bila shaka. Wenye akili walianza kumtega. Wanapiga mara mbili, wanasimama kidogo kana kwamba wamemaliza, wanangoja abonyeze, kisha wanatoa pigo la tatu. Akaandika hilo pia. Wengine walipoona anawangoja, walianza kumkamata, naye akajifunza kujinasua. Kumbe kupigana kwao ni mazungumzo. Kila mmoja anauliza, na mwingine anatakiwa kujua kama ni swali la kweli au ni mtego.

Wachezaji wa michezo hii ulimwenguni wanakumbuka pambano moja la mwaka 2004, katika mashindano ya Evo huko California. Mjapani Daigo Umehara alicheza na Mmarekani Justin Wong katika Street Fighter III. Daigo alibakiwa na uhai kidogo sana, kiasi kwamba hata pigo alilokinga tu lingemmaliza. Wong akatoa shambulio lake kubwa, mateke mengi mfululizo. Mchezo ule unamruhusu mtu kulisukuma pigo kando, lakini lazima aielekeze manete mbele, kwenye pigo lenyewe, katika muda ule ule mdogo linapofika. Kwa teke la kwanza ilimbidi aanze karibu kabla ya kuona. Daigo aliyasukuma yote, moja moja, kisha akajibu na kushinda pambano lile. Watu wanasifu wepesi wake. Mimi ninasifu mazoezi yake: aliyajua mateke yale kama sisi tunavyojua ngazi za nyumba yetu gizani. Tena hakuchukua ubingwa siku ile. Fainali alishindwa na Mjapani mwenzake.

Mwaka uliopita kijana mmoja mkubwa alishindwa na binti yangu, akakataa kuachia manete. Alisema maneno mengi: mashine iligoma, jua lilimpiga machoni, wasichana hawajui mchezo huu. Nilikuwa mlangoni nikachambua maharage. Ningeweza kuingilia, sali ni yangu, lakini nilinyamaza. Binti yangu naye alinyamaza mpaka yule kijana akamaliza maneno yote. Ndipo akasema, bila kupaza sauti: "Nilishinda. Anayeshinda anabaki." Sali nzima ilikuwa imemsikia kijana akimaliza hoja zake, na hakuna iliyokuwa imebaki. Akaachia.

Sasa, wamama, nisieleweke vibaya. Katika mchezo wote wawili wana uhai sawa, saa ni moja, na mtu anaweza kuweka manete chini na kwenda nyumbani. Maisha hayako hivyo. Mwanamke anayepigwa nyumbani kwake asiambiwe ahesabu picha, wala asiambiwe avumilie. Huyo atoke, aende kwa watu, nasi tumfungulie mlango. Ninachosema ni cha yale mengine ya kila siku: mteja anayedharau bei yako, ndugu wa bwana anayekusema mbele ya wageni, mkutano ambamo maneno yako yanakatwa. Huko tumezoea njia mbili tu, kulipuka au kumeza. Njia ya tatu ni kutazama, kujua zamu ni ya nani, na kujibu mara moja pale jibu linapofika mahali pake.

Watoto wenu wakija kwangu, siku moja kaeni nao dakika kumi. Musiulize nani ameshinda. Ulizeni: "Ulipomkinga, zamu ilikuwa ya nani?" Mutashangaa jinsi watakavyowaeleza kwa makini. Na binti zenu waleteni pia. Viti viko, na bei ni moja kwa wote.