Huyu ni wa Nani?

Siku mbili baada ya arobaini ya mama nilipanda kwenye stuli jikoni, nikiwa na ufagio wa chelewa mkononi. Nyumba yetu iko Kilosa, si mbali na reli, na jiko liko uani, limejaa masizi ya miaka yote tuliyopikiwa humo. Kona ya juu ya mafiga ilikuwa na utando mkubwa wa buibui. Nikainua ufagio, nikamwona mbu amenasa.

Nilipotazama vizuri, hakuwa amenasa. Alikuwa anatembea juu ya utando, taratibu, hatua moja halafu anasimama. Alikuwa na miguu minne myembamba kama uzi wa kushonea, na mbele mikono miwili iliyokunjwa kama ya vunjajungu. Kila akisimama alikuwa akiyumbayumba kidogo, kama anayepepewa.

Nikawaita watu waje kuona. Mdogo wangu akasema, "Mbu huyo, piga." Mpwa wangu akasema ni mtoto wa vunjajungu. Jirani aliyekuja kurudisha sufuria za msibani akasema mbona hicho ni kijiti tu. Kaka akaja mwisho, akatazama, akacheka. "Huyo mwacheni. Yuko hapo siku zote. Mama ile kona alikuwa haifagii."

Nikashuka. Nikapiga picha kwa simu, nikarudisha ufagio nyuma ya mlango.

Mie huwa najisifu kwamba najua Kiswahili. Lakini kwa kile kiumbe nilikuwa na neno moja tu: mdudu. Na hilo neno letu, si unajua, limebeba mizigo mingi. Siafu ni mdudu, nge ni mdudu, virusi ni mdudu, na ukienda baa ukaagiza "mdudu" utaletewa nguruwe. Neno linalomtosha kila mtu halimwambii mtu chochote.

Sasa niwaambie kuhusu Kaka, maana bila yeye nisingeandika haya.

Kwenye kikao cha arobaini baba mdogo alifungua daftari ili tuandike watoto wa marehemu. Akaandika jina langu, la dada, la mdogo wetu. Alipomfikia Kaka, kalamu ikasimama. "Huyu," akauliza, "huyu hasa ni wa nani?"

Kila aliyekuwa pale alijua jibu. Kaka aliletwa kwetu akiwa na miaka minne, kabla sisi wengine hatujazaliwa. Mama yake mzazi alikuwa rafiki wa mama, wakifanya kazi pamoja kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kimamba. Alipofariki, mama alimchukua mtoto. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kaka ndiye aliyetufundisha kuogelea. Mafuriko ya Kilosa yale ya mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ilipovunja kingo zake, Kaka ndiye aliyembeba mama mgongoni usiku. Sisi wengine tulikuwa mjini, tunapiga simu.

Baba mdogo akauliza, huyu ni wa nani, na mimi nikanyamaza. Dada naye akanyamaza. Kaka akasimama, akasema anaenda kuangalia chai.

Kesho yake baada ya ile habari ya jikoni nilipanda Noah kwenda Mikumi, kupitia Ulaya, ili nikadake basi la Mbeya. Nikachelewa basi, nikalala gesti ya barabarani, malori ya Zambia yakinguruma hadi alfajiri. Usiku nikiwa bafuni nikamwona mwingine ukutani karibu na taa. Miguu ya uzi, mikono ya vunjajungu, kuyumba kulekule. Ila huyu alikuwa mdogo zaidi, na mabawa yake yalikuwa na madoadoa ya kahawia. Wa jikoni hakuwa na mabawa kabisa.

Nikatuma picha zote mbili kwa rafiki yangu anayesoma wadudu Morogoro. Nikaandika: huyu na huyu ni ndugu?

Akajibu asubuhi: "Ndugu. Wote ni kunguni wauaji, ukoo wa Emesinae. Lakini usiniulize spishi kwa picha ya simu."

Kunguni! Si mbu, si vunjajungu, si kijiti. Nikamwuliza umejuaje. Akaniambia watu wanadanganywa na miguu, na miguu ni mazoea ya kazi tu. Vunjajungu ana mikono ile kwa sababu anadaka, na huyu anayo kwa sababu naye anadaka. Kila mmoja kaipata kwa njia yake. "Tazama mdomo," akasema. Vunjajungu anatafuna. Huyu ana mrija mgumu uliokunjwa chini ya kichwa, anachoma na kufyonza. Mdomo huo ndio unaomweka kwenye oda moja na kunguni wa kitandani, na ndani yake kwenye familia ya Reduviidae, yaani kunguni wauaji, wenye spishi karibu 7,000 duniani.

Basi nikaanza kusoma, kama tunavyofanya sisi tunaokimbia jambo fulani. Emesinae walipewa jina hilo na Amyot na Serville mwaka 1843. Leo zinajulikana spishi zaidi ya 900. Wapo wenye urefu wa milimita chache na wapo wanaozidi sentimita tatu, wenye mabawa na wasio na mabawa. Wanaishi kwenye mapango, chini ya magome, kwenye majani makavu, na ndani ya nyumba za watu. Aliyewapanga kwa upana zaidi ni Pedro Wygodzinsky, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Brazil na Argentina kabla ya kuhamia jumba la makumbusho la New York. Kitabu chake cha 1966 kina kurasa zaidi ya 600, zote kwa ajili ya wadudu hawa. Aliwagawa katika makabila sita. Ndiyo, kwenye sayansi hiyo ngazi inaitwa kabila. Nilicheka peke yangu kwenye basi.

Wapenzi wa maneno, hili ni lenu. Tayari kulikuwa na jenasi ya Amerika ya Kusini iitwayo Ghilianella. Wygodzinsky alipohitaji jina la jenasi mpya ya jirani yake, alizichanganya herufi zilezile akapata Ghinallelia. Hesabu mwenyewe, hakuna herufi iliyoongezwa wala kupungua. Nikamwona huyo mzee, amechoka, ana mamia ya miguu ya uzi mbele yake, anacheza na herufi kama sisi.

Lakini kitabu kikubwa nacho si neno la mwisho. Mwaka 2023 Samantha Standring na wenzake walichapisha mti wa ukoo uliotumia DNA, na mipaka ya zamani ikatikisika. Kundi la Saicinae, lililokuwa likihesabiwa peke yake, lilionekana kuwa ndani ya ukoo huohuo. Yaani waliokuwa nje ya daftari walikuwa ndani muda wote.

Hapo nilitaka kufunga kompyuta nimpigie baba mdogo. Ila nilijua angenijibu nini. Angesema: umeona? Hata wazungu wako wanapima damu. Na angekuwa sahihi, maana DNA ni damu hasa. Kibaya zaidi, angeweza kuniuliza huyo mdudu wako anakula nini. Wengi wao wanakula buibui, au wanaiba mawindo yake, wakiwa ndani ya utando wa mwenyewe. Kuna mmoja wa Australia, Stenolemus bituberus, ambaye watafiti Anne Wignall na Phillip Taylor walimwona akizigusa nyuzi za utando kama mawindo yaliyonasa yanayohangaika. Buibui anakuja kula, analiwa. Mgeni anayeishi kwenye nyumba ya mwingine mpaka anammaliza mwenye nyumba: ndiyo hofu yenyewe iliyosimamisha ile kalamu.

Kwa hiyo siwezi kumtumia mdudu kumtetea Kaka. Kaka hakumla mtu. Alichonifundisha mdudu ni kidogo zaidi, na nadhani kinatosha: kabla ya kumpanga mtu, sema kwanza unauliza nini. Wanasayansi wanauliza nani katoka kwa nani, kwa hiyo wanatazama mdomo na DNA, si miguu. Swali lao ni hilo na wanalijibu kwa uaminifu. Sisi pale sebuleni tulijifanya tunauliza swali hilohilo, wakati tulitakiwa kuuliza mama alimwita nani mwanangu. Na jibu la hilo halihitaji maabara. Tulilisikia kila siku, kwa miaka zaidi ya arobaini, kutoka jiko lile la uani.

Nilimpigia baba mdogo nikiwa Mbeya. Nikamsalimu, nikamwambia, "Baba, kwenye daftari tuandike wanne." Akakaa kimya. Kisha akasema mambo hayo hayaongelewi kwenye simu, tutakutana. Nikamwambia nitakuja, na kwamba safari hii nitaongea mbele ya watu. Dada naye kasema atakuwepo.

Kisha nikampigia Kaka. Sikujua nianzie wapi, nikamwuliza habari za jikoni.

"Yupo," akasema. "Nimepaka chokaa ukuta mzima. Ile kona nimeiacha."

Mpaka leo sijapata jina la Kiswahili la yule mdudu. Kunguni miguu-uzi, nimejaribu, lakini naona bado linachechemea. Kama kwenu mna jina lake, niandikieni hapa chini.