Ng'ombe wa Miguu Mitano

Siku ya kwanza niliyofundisha Sanaa nilichora ng'ombe ubaoni, na darasa zima la Gredi ya 7 likacheka. Mkia nilikuwa nimeuchora mnene, ukashuka hadi chini, na ukiwa viti vya nyuma ulionekana kabisa kama mguu wa tano. Msichana mmoja akauliza kwa heshima zote, "Madam, huyo ni ng'ombe ama ni meza?" Nikacheka nao. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Mimi nilisomea Kiswahili na Dini. Mwaka 2024, nilipopata nafasi ya uintern katika JSS moja huku Nyamira, walimu tulikuwa wachache na masomo mengi. Ratiba iligawanywa kama nyama ya harusi, aliyefika mwisho akabaki na mifupa. Naibu wa mwalimu mkuu aliniangalia juu chini, akasema, "Wewe si bado msichana mdogo? Chukua Sanaa na Michezo. Ni kuchora tu na kuimba."

Hilo "tu" halijawahi kunitoka kichwani. Hakuna mtu angeniambia Hesabu ni kujumlisha tu. Lakini pia simlaumu sana, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini hivyo. Mama yangu alisoma 8-4-4 ya mwanzo, ile ya miaka ya 80, wakati Sanaa na Ufundi ilikuwa kwenye mtihani wa darasa la nane. Hadi leo anakumbuka kamba aliyosokota ili apate maksi. Mimi nilipoingia shule somo hilo lilikuwa limeondolewa kwenye mtihani. Kwenye ratiba lilikuwepo, ndiyo, ila kipindi kikifika mwalimu aliingia na kitabu cha Hesabu. Kisha CBC ikarudisha somo, lakini mikono ya kulifundisha haikurudi nalo. Mkono wangu uliachia kuchora nikiwa na miaka saba.

Turudi kwa ng'ombe. Jioni nilibeba madaftari nyumbani nikasahihishe. Daftari la kwanza, ng'ombe wa miguu mitano. La pili, miguu mitano. Walikuwa wamenikopi wote, wale wale waliocheka. Nikawa natoa saba kwa kumi, saba kwa kumi, bora tu liende.

Halafu nikafungua daftari la kijana mmoja wa dawati la mwisho, mtu wa maneno machache. Ng'ombe wake alikuwa kama wangu, mkia na yote. Lakini ukurasa ulijifunua wenyewe upande wa nyuma, na hapo kulikuwa na ng'ombe mwingine, wa kalamu ya biki. Amelala. Anacheua. Ngozi ya shingo imekunjika pale kamba inapopita, na jicho liko nusu wazi kama la mtu aliyechoka na mvua. Nilimtazama muda mrefu mpaka chai ikapoa.

Kesho yake nilimwita.

"Huyu nani amechora?"

"Ni mimi, Madam."

"Na huyu?"

"Pia ni mimi."

"Sasa mbona hukunichorea kama huyu wa nyuma?"

Akaangalia viatu vyake. "Si ile ya ubao ndiyo ya maksi?"

Kumbe kijana alikuwa amejitahidi kuchora vibaya, kwa ajili yangu. Na mimi nikampa saba.

Baada ya hapo nilianza kusoma usiku, kwa bando zangu mwenyewe. Nikakutana na Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere miaka ya 1930. Inasemekana alipenda kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kila mmoja alione kichwani mwake, ndipo achore. Nikafurahi! Nikaona nimepata kisingizio, kwamba mwalimu hahitaji kuchora. Lakini huyo mama alikuwa amesomea Slade, chuo kikubwa cha sanaa London. Alinyamazisha mkono uliokuwa unajua. Mimi wangu haukuwa na cha kunyamazisha.

Jumamosi moja nilipanda matatu hadi Kisii, nikaunganisha Tabaka, kule yanakochimbwa mawe laini ya kuchonga. Ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imesimama makao makuu ya UNESCO, Paris, na ambaye pia amekuwa mwalimu. Vumbi jeupe lilikuwa kila mahali, hadi kwenye kope za watu. Wanaume walikuwa wakichonga, kina mama wakisugua kwa msasa na maji kwenye mabeseni. Nilimuuliza mzee mmoja anafundishaje vijana. Akasema, "Mwalimu, mimi simfundishi. Anakata, naangalia. Nikiona jiwe linataka kupasuka namshika mkono."

"Na unajuaje linataka kupasuka?"

Akacheka. "Yangu mangapi yamepasuka!"

Nilirudi Nyamira na jibu hilo. Mwalimu hahitaji kumshinda mwanafunzi. Kocha mwenye kitambi anaweza kutoa mkimbiaji hodari. Lakini lazima awe na mawe yake yaliyopasuka. Bila hayo haoni ajali ikija, na kibaya zaidi, haoni uzuri ukiwa mbele yake kwenye ukurasa wa nyuma.

Nikaacha kuchora ubaoni. Tulitoka nje na madaftari hadi kwenye ua, ambako jirani alikuwa amefunga ng'ombe wake karibu na majani chai. Nikawaambia wachore wanachoona. Mimi pia nikakaa kwenye nyasi na karatasi yangu. Nikamuuliza yule kijana kwa nini mguu mmoja ameuchora mfupi. "Kwa sababu uko mbali, Madam." Nilikuwa na miaka 25, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Wiki iliyofuata aliniuliza jinsi ya kufanya tumbo la ng'ombe lionekane la mviringo kwa penseli, si bapa. Sikujua. Nilitafuta video, nikajaribu, nikamwonyesha, na wote wawili tuliona haikukaa. Kumsifu nilikuwa naweza, na kumfungulia geti pia. Kumpeleka mbele, zaidi ya pale, nilishindwa. Kuna siku mtoto anahitaji mtu anayejua, na upendo wa mwalimu hauwezi kujaza hiyo nafasi.

Bado nachora kila usiku. Ng'ombe wangu sasa wana miguu minne.

Yeye yuko Gredi ya 9, na mwaka huu lazima achague njia ya kufuata sekondari ya juu. Baba yake anataka Sayansi. Yeye amebaki na Sanaa moyoni, hajaamua. Juzi alinikuta ofisini nikisahihisha insha, akasimama mlangoni kwanza.

"Madam, huko Gredi ya 10, mwalimu wa Sanaa atakuwa anajua kuchora?"

Nilitaka kumwambia ndiyo.

"Sijui," nikasema. "Lakini ukipata asiyejua, tafadhali, usichore ng'ombe wake."