Siku ya tatu, Bagamoyo

Siku ya tatu ya safari yetu ya gari kutoka Mtwara kwenda Tanga hatukwenda popote. Tulikuwa tumelala kwenye mahema karibu na ufukwe, kata ya Dunda, Bagamoyo. Asubuhi mama mkwe akatoka hemani akasema miguu imevimba, garini hapandi.

Mume wangu hakufurahi. Likizo yake ilikuwa ya wiki moja tu. "Mama, tumebakiza Msata, Segera, Muheza, tumefika!"

"Basi nendeni, mtanipitia mkirudi."

Baba Salma akachukua tairi la akiba, akaenda kuziba pancha bila kuaga. Nikamtandikia mama mkeka chini ya mnazi, nikamwekea mto chini ya miguu, nikaondoka na watoto.

Mwenye watoto naye aende mapema, kabla jua halijawa kali. Mji Mkongwe unatembeleka kwa miguu. Tuliliona Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Cha kuchekesha, makao makuu ya koloni lao yalikuwa yameshahamia Dar es Salaam tangu 1891! Tukaingia Karavansarai, walikotua wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara. Jina la mji, wengine husema ni la wapagazi hao kubwaga moyo, yaani kupumzika. Wengine husema ni la watumwa waliokata tamaa walipoiona bahari. Salma alitaka nimwambie lipi ni la kweli. Nikamwambia watu wote hao walipita hapa.

Kwa misheni, iliyoanzishwa 1868, tulikwenda na bajaji. Pale upo mnara ulipowekwa mwili wa Livingstone, Februari 1874. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, safari ya miezi mingi. Mwanangu mdogo akauliza kama nao miguu ilivimba kama ya Bibi.

Tuliporudi, mama alikuwa macho, anatazama ngalawa zilizolala mchangani, maji yamekupwa.

"Mwanangu," akaniambia, "miguu imevimba kweli. Lakini hata isingevimba, ningetafuta sababu nyingine."

Tulikuwa tunampeleka kwa dada yake. Nilijua hawajaonana miaka mingi. Sikujua kwamba walitupiana maneno siku ya matanga ya mama yao, kwa ajili ya nyumba, na tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake. Habari za safari zilipelekwa na watoto.

"Nikifika mlangoni nitamwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Baba Salma aliporudi na samaki wa kukaanga kutoka sokoni, nilimvuta pembeni nikamweleza. Alikaa kimya. Halafu akaenda kuketi mkekani, akaiweka miguu ya mama yake mapajani, akaanza kuikanda. Habari ya Segera hakuitaja tena.

Jioni mama akaomba simu, akapiga mwenyewe. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, wote tukasikia.

"Mmefika wapi?"

"Bagamoyo. Miguu imenivimba."

Kimya kirefu. Kisha: "Mwambie huyo mwanao asikimbize gari. Nimeshaloweka kunde."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Mtwara. Alfajiri tulimkuta ameshaketi garini, nasi hata mahema hatujakunja.