Huruma Niliyojinyima

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikapelekwa kulelewa na ndugu. Katika nyumba ile nilipigwa kwa sababu na bila sababu, na zaidi ya fimbo kulikuwa na maneno: mkosi, mzigo, mla bure. Nilijifunza kusikiliza komeo la mlango wa mbele. Kwa namna lilivyofunguliwa, nilijua usiku huo utakuwaje. Niliishi hivyo mpaka nilipoolewa.

Nyumba niliiacha, maneno nikaondoka nayo. Nikawa fundi cherehani, na wateja walinisifu kwa kazi safi. Hawakujua kwamba nikikosea mshono niliufumua huku nikijitukana kwa matusi yaleyale, na mchana huo nikajinyima chakula. Niliona hiyo ndiyo nidhamu. Niliamini kwamba nikijilegezea kidogo tu, nitaharibikiwa. Usiku nilikurupuka usingizini. Mchana niliwaka kwa jambo dogo, kisha aibu ikanifanya nijitenge na watu. Niliombewa, nikashukuru, nikarudi kujiadhibu.

Siku moja binti yangu alimwaga uji. Kabla sijafungua kinywa, alijipiga kofi kichwani akasema, "Mjinga mimi!" Sijawahi kumpiga mtoto huyo. Alikuwa amejifunza kwa kuniangalia tu. Wiki hiyohiyo nilikwenda hospitali kuomba kuonana na mshauri nasaha.

Yule dada alinisikiliza bila haraka. Akanieleza kwamba mtu anayeumizwa kwa muda mrefu, hasa utotoni na mahali asipoweza kutoroka, anaweza kupata kiwewe changamani. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika kukihusu mwaka 1992, na Shirika la Afya Duniani limekiweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Katika dalili alizonitajia, moja ilinichoma: mtu kujiona ameshindwa, hana thamani. Miaka yote nilidhani hiyo ni tabia yangu, kumbe ni jeraha.

Nilitegemea kuanzia hapo mambo yangekuwa mepesi. Lakini aliponiambia niweke kiganja kifuani na kujisemesha kwa upole, mwili ulikakamaa, koo likaziba, nikatamani kukimbia. Nilirudi nyumbani nikitetemeka. Tulipoonana tena nikamwambia, "Dada, hili nimelishindwa."

"Hujashindwa, mama," akanijibu. Akaniambia kwamba wataalamu Kristin Neff na Christopher Germer wanaifananisha hali hiyo na zimamoto wanaofungua mlango wa chumba kinachoungua: hewa ikiingia, moto hulipuka. Vivyo hivyo, upole ukimfikia mtu aliyeukosa kwa miaka, maumivu ya zamani hutoka. Tiba yake ni kwenda taratibu.

Basi tukaanzia kwenye nyayo. Hofu ikinipanda nilivua kandambili, nikakanyaga sakafu, nikausikia ubaridi wa saruji mpaka nijue niko hapa, siko kule. Kisha nikajifunza kula chakula cha mchana hata siku niliyokosea mshono. Tonge la kwanza halikupita kirahisi. Maneno yalikuja mwisho: "Hili linauma. Wapo wengi wanaoumia kama mimi. Nami nijihurumie." Humo mna mambo matatu ambayo Neff aliyaeleza mwaka 2003: kuyatambua maumivu bila kuyakuza, kukumbuka kwamba kuumia ni sehemu ya ubinadamu, na kujitendea wema.

Sijamaliza safari. Zipo siku matusi hurudi, na aliyenitesa hajaniomba radhi mpaka leo. Lakini Mungu hakungoja nistahili. Alinipa mshauri mvumilivu, na mume aliyejizoeza kutobamiza mlango. Juzi binti yangu alivunja kikombe, akaniita, "Mama, nimekosea, nisaidie kuokota." Nilimshukuru Mungu palepale, vipande vikiwa mkononi.

Wewe unayesoma, huenda nawe uliambiwa ujipende, ukajaribu, ukaumia zaidi, ukadhani huna dawa. Maumivu hayo hayasemi kwamba hustahili huruma. Mtafute mtu aliyeisomea kazi hii, na umwambie wazi kwamba upole unakutisha, ili aende kwa mwendo wako. Na kama leo unachokimudu ni kula tu chakula chako cha mchana bila kujitukana, basi kula. Hiyo nayo ni tiba.